Jicho la Kushoto la Kifaru

Wekeni chini majembe, enyi wa Kilembwe; funikeni sufuria, enyi akina mama wa Baraka; nanyi wavuvi, nyavu zenu zingoje kidogo, kwa maana dagaa hawana haraka ya kufa. Nawasimulia vita. Si ile vita ya pili ya waasi na Serikali, iliyokuwa ikipita na kurudi katika nchi yetu ya Fizi kama mgeni asiyejua kuaga, bali vita kubwa kuliko hiyo, iliyopiganwa jua likiwa utosini, bila risasi hata moja, kati ya Fabien dereva na skrubu tatu zenye kutu.

Fabien huyo, bwana wa mashimo, mshika usukani asiyetishwa na tope, aliendesha gari la zahanati moja kule Fizi, jipu kongwe lililovuta kwa magurudumu yote manne, ambalo watu, kwa ajili ya ngurumo yake, waliliita Kifaru. Kifaru alikuwa na taa mbili za mbele, na ya kushoto ilikata roho siku alipogombana na kisiki. Fabien hakuomboleza. Nani katika miaka ile alikuwa na wazimu wa kusafiri gizani? Taa ilikuwa pambo tu, kama tai shingoni mwa mtu asiye na shati.

Ndipo siku ile alipopakiwa Arlette, mwenye mimba ya kwanza, uchungu umemshika na mtoto amelala kingamo. Muuguzi alisema maneno machache: hospitalini Baraka, na upesi. Kando ya Arlette akapanda mama mkwe wake, Anastasie, mwanamke mpana wa mabega na wa sauti, mwenye mto kwapani na jina la Mungu mdomoni. Kifaru akanguruma, akashika mteremko kuelekea ziwani. Katika kila shimo Arlette aliuma kanga asipige kelele, na kila alipouma kanga Fabien alihisi meno yale begani mwake.

Wakafika penye daraja, na hapo, juu ya njia, ulilazwa mti. Ilikuwa barieri ya Komanda Raphaël, simba wa daraja, mvaaji wa buti mbili zisizo ndugu. Alilizunguka gari polepole, mikono mgongoni, kisha akasimama mbele ya ile taa iliyokufa na kukohoa kama anayeanza hotuba.

“Dereva! Gari ya jicho moja haipite hapa. Gari ya jicho moja, kwa mbali, iko pikipiki. Askari wangu ataona, atasema: ni pikipiki tu, atalala tena. Kumbe ni gari, imejaa maadui! Mi nife juu ya taa? Mi, Raphaël, niliyevuka mto maji iko ku shingo?”

“Komanda,” Fabien akajibu, akiinua kidole mbinguni, “angalia ile jua. Nani anawasha taa muchana kama huu?”

“Amri yangu haina muchana, haina usiku.”

Nyuma, Arlette akaguna. Macho ya Fabien, yakitafuta msaada popote, yakaangukia nguzo ya kizuizi. Juu ya nguzo ile ilifungwa kwa kamba taa ya mviringo, iliyong’olewa kwenye lori lililotelekezwa.

“Na ile, Komanda?”

“Ile? Ile iko jicho ya Serikali. Inaangalia bapita-njia wote.”

Hapo Anastasie akashuka garini, na ardhi ikajua ameshuka.

“Serikali gani, mutoto yangu? Maana siku hizi ziko mingi.”

“Mama, usiniletee siasa.”

“Basi nakuletea taa. Hiyo jicho yenu haina hata waya! Iko kipofu kuliko ya gari yetu. Sikia, Raphaël. Mama yako naye aliuma kanga hivi, we ukiwa tumboni, na hakuna mwanaume aliyemufungia njia. Huyu mukwe yangu akifia hapa, mi sitarudi Fizi. Nitakaa ku mulango yako, nitalia na jina yako, asubuhi mpaka magaribi, mpaka hata samaki ya Tanganyika bakujue.”

Askari wakatazama buti zao. Komanda akatazama kanga mdomoni mwa Arlette, akatazama kwa muda, kisha akaikata mwenyewe kamba ya ile taa ya nguzoni.

Hapo vita ikaanza. Fabien, asiye na bisibisi, alikabidhiwa kisu cha bunduki, akapiga magoti mbele ya Kifaru. Skrubu ya kwanza ilijisalimisha. Ya pili ilipiga kelele, ikaanguka vumbini. Ya tatu, jemadari wa kutu, ilikataa katakata. Anastasie akatoa kichupa cha mawese garini, akaidondoshea. Fabien akasukuma, kisu kikateleza, kikamchana kidole gumba, na hiyo ndiyo damu pekee iliyomwagika siku ile katika barieri ile. Akasukuma tena, huku akilia kwa hasira, na jemadari akazunguka.

Akaitoa taa mfu. Akakwangua uchafu wa kijani kwenye waya, akachomeka ile ya lori, akarudi kwenye usukani na kuvuta swichi. Lakini taa ya lori hutaka betri mbili, naye Kifaru alikuwa na moja tu, tena mzee. Haukuonekana mwanga wowote.

Komanda Raphaël akapiga magoti. Akavua kofia, akaizungushia taa kama anayekinga kiberiti na upepo, akachungulia ndani.

“Naona!” akapaza sauti. “Nyekundu kidogo, lakini iko inawaka! Inueni!”

Mti ukapaa. Askari wakapiga saluti. Kifaru akavuka daraja na macho yake yote mawili, na kwenye kona iliyofuata lile la kushoto likazimika, na Fabien hakupunguza mwendo.

Jua lilikuwa bado juu ya milima Arlette alipopasuliwa salama huko Baraka. Fabien alikuwa ameketi nje juu ya bampa, kidole kimefungwa kitambaa, aliposikia kilio chembamba cha mtoto wa kike. Akalia naye, na waliomuuliza aliwaambia ni kidole kinachouma.

Jioni redio zikataja miji iliyotekwa na miji iliyokombolewa, ambayo mara nyingi ilikuwa miji ileile. Fabien hazikumtaja. Basi tajeni ninyi: kwamba katika vita ile ndefu, yenye majemadari wengi, kulikuwa na dereva mmoja aliyeshinda skrubu tatu, na kwa ushindi wake watu wakaongezeka kwa mmoja.