Vichekesho Vyangu, Sifa za Hashimu

Jumatatu, 16 Juni

Mbwa amekata keki! Si maneno yangu, ni ya redio. Asubuhi hii Nasra, mtangazaji wa kipindi cha vioja, katuambia kwamba yule kijana wa Bongo Fleva anayejiita Dogo Tandala kamfanyia mbwa wake sherehe ya kuzaliwa. Ukumbi. Mapambo. Mshereheshaji. Kamati ya maandalizi! Mimi fundi Yotham, niliyeshona suti za nusu ya mabwana harusi wa Chang'ombe hii ya Dodoma, siku yangu ya kuzaliwa hupita kama siku ya kufua. Na mbwa huyo hata shati hana.

Nikapiga simu nitoe maoni. Inatumika. Nikarudia. Inatumika. Aliyekuwa anaitumia nani? Hashimu! Dalali wa mahindi, mkazi wa Area D, ambaye hewani anajiita Sauti ya Nyanda za Kati, kana kwamba nyanda zilikaa kikao zikamchagua. Akasema mbwa ana bahati. Basi! Huo ndio uchambuzi? Mimi nilikuwa nimeandaa swali zito: waalikwa walitoa mifupa mikavu au waliitia kwenye bahasha?

Halafu ikaja habari yenyewe. Jumamosi msikilizaji mmoja ataalikwa studio, akae na Nasra kipindi kizima wakichambua vioja. Atatangazwa Ijumaa. Ni mimi. Nani mwingine? Nimeshawaambia wateja, wanakwaya wenzangu na mama mkwe. Devota, mke wangu, kauliza kama nimealikwa au nimejialika. Mwanamke huyu hajawahi kucheka kichekesho changu tangu tufunge ndoa, na siku ile ya ndoa alicheka kwa sababu nilikanyaga shela. Atacheka Jumamosi. Hilo ndilo ninalolitaka kuliko hata studio yenyewe.

Jumanne, 17 Juni

Leo simu imepokelewa!

Kioja: huko ng'ambo bwana harusi kamshtaki mtabiri wa hali ya hewa kwa sababu mvua ilinyesha harusini. Mtu kanyeshewa, kaenda mahakamani! Sisi Dodoma tunafunga na kuomba ndipo tupate manyunyu, tena tunayakimbilia na ndoo. Yeye ana wakili! Yote hayo nilikuwa nayo ulimini.

Nikasema haloo. Redio yangu mezani nayo ikasema haloo. Nasra akaniomba nipunguze sauti ya redio. Redio nayo ikaniomba hivyo hivyo. Nikaikimbilia na simu mkononi, miluzi ikaanza, nikagonga pasi ya mkaa, majivu yakamwagikia koti jipya la mteja wangu, Mwalimu Batholomeo, nikatamka neno ambalo mwanakwaya hatamki. Likaenda hewani. Mara mbili, kwa sababu ya redio.

Hashimu akapiga baada yangu. Hakuchambua lolote. Alimpa pole tu ndugu yetu wa Chang'ombe anayepigana na redio yake. Mji mzima umecheka. Hata Mama Mwamvua wa maandazi, ambaye sijawahi kuyaona meno yake, leo nimeyaona.

Jumatano, 18 Juni

Dawa ya moto ni moto. Hashimu anapenda kusikika? Atasikika!

Nimechukua laini ya Devota, ile asiyoitumia siku hizi. Sauti ya Hashimu ni nyepesi kuiga: unaibana pua kidogo na kila sentensi unaianza kwa maneno 'kusema la haki'. Nikangoja kioja. Kikaja kizuri: mwigizaji mmoja wa kike kavunja uchumba kwa sababu mchumba wake alicheka wakati yeye anakufa kwenye filamu.

Nikapiga. Nikajitambulisha kuwa Hashimu, nimebadili namba. Nia ilikuwa nimtie mdomoni upuuzi ambao kila mwanamke wa Dodoma atamchukia nao. Nikasema kusema la haki, hata mimi mke wangu akilia, huwa naangalia kwanza kamera iko wapi. Nikaongeza kwamba nikikamatwa na uongo nyumbani, huwa namwomba turudie tukio tangu mwanzo.

Nikajua nimemmaliza.

Ndipo Nasra akaangua kicheko. Akashindwa kusoma tangazo la magodoro. Wameirudia simu hiyo saa sita mchana, wakairudia na alasiri. Devota alikuwa anachagua mchele. Alicheka mpaka akauweka ungo chini na kujipangusa macho kwa khanga. Kasema Hashimu ana kipaji, na mkewe lazima ana raha.

Sentensi yangu! Nimeitunga mimi, nimeisema mimi, kwa pua yangu mwenyewe! Imeniuma sana. Chakula cha jioni sikukimaliza, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Alhamisi, 19 Juni

Nimefunga kibanda, nimepanda bajaji mpaka Area D, nimwone Hashimu akikana. Mtu mwaminifu angekana. Nimekuta watu wamejaa barazani kwake wanampongeza, na yeye anapokea! Mkono kifuani, kichwa kimeinama. Anasema ni mambo madogo tu, yanamjia yenyewe.

Mwizi! Mimi nilichukua jina lake, sawa, lakini jina lake bado analo. Yeye kachukua akili yangu na harudishi! Na ningesema nini mbele ya wale watu? Kwamba nimemwibia ili nimwaibishe, na sasa naomba sifa zangu?

Kaniagizia chai. Kaniambia nisikate tamaa, kila mtu na karama yake, na kushona nako ni karama. Chai nimekunywa. Tangawizi ilizidi. Kasema kesho alfajiri anakwenda Kibaigwa kwenye mahindi na atarudi Jumapili. Nikamtakia safari njema, moyoni naliombea lori lake pancha.

Ijumaa, 20 Juni

Nimeamua kusema ukweli. Mtu akifika mahali hapo ajue kabanwa kweli.

Redio nimeizima kabisa. Nikapiga kwa laini ileile ya Devota, ili Nasra aione namba aelewe. Nikasema kwa sauti yangu halisi kwamba mimi si Hashimu, ni fundi Yotham wa Chang'ombe, na kichekesho cha kamera ni changu.

Nasra akapiga kelele za furaha. Akawaambia wasikilizaji wamsikie Hashimu anavyomwiga Mzee Yotham, mpaka kikohozi! Nikasema siigi. Akasema hata hasira kaipatia. Nikafoka. Akasema jamani, mbavu zake. Na papo hapo akatangaza kwamba mgeni wa kesho ni Hashimu, Sauti ya Nyanda za Kati. Mwaliko umetumwa kwa ujumbe kwenye namba aliyopigia. Yaani umeingia mkononi mwangu.

Devota alikuwa anasikiliza kwa jirani. Karudi anasema hakujua kwamba nachekesha hivyo, mpaka alipomsikia Hashimu akiniiga.

Jumamosi, 21 Juni

Nimekwenda studio kusema ukweli uso kwa uso. Nimevaa koti la Mwalimu Batholomeo. Majivu yametoka karibu yote.

Mlinzi ana jina moja tu kwenye orodha yake ya wageni, Hashimu. Nikamwambia mimi ni Yotham. Akasema basi Yotham arudi nyumbani, Hashimu akija ataingia. Upepo wa Juni ulikuwa unanitia vumbi mdomoni. Nikasimama. Nikafikiri. Nikaibana pua.

Nasra hajawahi kutuona, si mimi wala Hashimu. Akanikumbatia! Kioja cha leo: Dogo Tandala kamwingiza yule mbwa kwenye wimbo mpya, anabweka kwenye kiitikio. Nikasema kusema la haki, wimbo nimeusikiliza, na anayeuharibu si mbwa. Fundi mitambo akapigapiga kioo kwa kucheka. Nikatoa na ya mifupa kwenye bahasha. Nikatoa na ya ndoo na wakili. Yote! Sijawahi kuwa na asubuhi nzuri kama hii maishani.

Nimerudi Chang'ombe. Kila mtu Hashimu, Hashimu. Mama Mwamvua kanipa andazi la kunifariji. Hashimu mwenyewe katuma salamu redioni kutoka Kibaigwa, anawashukuru wote waliofurahia kipindi. Yuko juu ya magunia ya mahindi, anashukuru! Na hakuna aliyejiuliza amefikaje huko haraka hivyo.

Devota kaunguza wali kwa kucheka. Kanishika mkono, kitu ambacho hafanyi. Kaniomba kwa upole siku moja nikae na Hashimu, nijifunze kwake hata kidogo. Nikafungua mdomo nimwambie. Nikakumbuka ya jana, nikaufunga.

Lakini imetosha! Wakati naaga, Nasra aliniomba nirudi kila Jumamosi, nami nikakubali bila kufikiri. Sasa nimejua kwa nini nilikubali. Jumamosi ijayo Hashimu atasema hewani upuuzi ambao haujawahi kusikika Dodoma hii. Nimeshaanza kuuandika. Ni mzuri ajabu, nimecheka peke yangu. Safari hii atakoma!