Bibi Harusi Haangalii Nyuma

Jumanne, 1 Julai 2025

Nimeaminiwa! Kaka yangu Supeet amepiga simu kutoka Malambo, akiwa juu ya kilima chenye mtandao. Binti yake Naeku anaolewa Dar es Salaam Jumamosi ya tarehe 12, na mimi, baba yake mdogo, ndiye nimekabidhiwa kumfikisha. Ametoa dume la ng'ombe niliuze mnadani, tupande basi watu wanne: Naeku, shangazi yake Nalangu, mke wangu Nailantei, na mimi mtoa hotuba.

Basi? Bibi harusi wa ukoo wetu ashuke Dar miguu imevimba? Jirani yangu Sylvesta, mwenye Noah ya kubeba watalii, ameshajipendekeza kuwa atatupeleka kwa bei ya ujirani. Anatafuta sifa tu. Nimemwambia nina mpango wangu. Sasa nautafuta.

Alhamisi, 3 Julai

Mpango umepatikana. Ndege! Mbayuwayu Air, Arusha hadi Dar, Jumatano tarehe 9. Promosheni, bei chini ya basi. Nimelipa kwa simu kabla Nailantei hajarudi kutoka shamba. Kwa chenji ya dume nimenunua suti ya bluu kwa ajili ya hotuba. Naipenda mno.

Nailantei alisema rahisi ni ghali. Nikamuuliza amepanda ndege mara ngapi. Akaniuliza na mimi mara ngapi. Tukaendelea na maharage.

Jumamosi, 5 Julai

Sylvesta amenitangaza gereji nzima. Anasema madereva wanaopeleka watalii uwanja wa ndege wamemwambia kuwa Mbayuwayu haijalipa wafanyakazi tangu masika, ndege moja imechukuliwa na mwenyewe aliyewakodisha, na ile iliyobaki haiwekewi mafuta mpaka walipe taslimu.

Nilimjibu kwa hekima. Mtu anayefanya kazi bila mshahara anaipenda kazi yake. Na ndege moja hutunzwa vizuri kuliko mbili, mfugaji yeyote anajua. Mafundi walicheka mpaka mmoja akadondosha spana. Wivu.

Halafu nimeona bei imeshuka tena. Kampuni yenye shida ingepandisha, siyo? Majuto yangu ni kwamba nilinunua mapema.

Jumanne, 8 Julai

Nimemleta Naeku. Asubuhi wazee walimbariki kwa maziwa, akapakwa mafuta, akatoka bomani kwa baba yake. Kwa mila yetu bibi harusi akishatoka haangalii nyuma. Akigeuka, anageuka jiwe. Mama yake alikuwa analia mlangoni, dada zake wanalia, na Naeku anatembea tu, shingo imenyooka. Nilitokwa na machozi. Nikasema ni vumbi.

Tulivuka Ngorongoro kwenye lori la mahindi, tumejikunyata kwa baridi. Shangazi Nalangu aliuliza njia nzima kama ndani ya ndege kuna mahali pa kutemea ugoro. Nikamhakikishia kuwa ndege ya kisasa ina kila kitu. Wanalala kwangu hapa Karatu. Kesho tunaruka!

Jumatano, 9 Julai

Hatukuruka. Ujumbe umeingia wakati naifunga tai: safari imesogezwa hadi kesho kwa sababu za kiuendeshaji. Maneno mazito kama hayo hayaandikwi na watu wasio makini. Nimewaeleza wageni kuwa ni usalama wetu unaojaliwa. Shangazi amekula kuku wangu wa mwisho.

Alhamisi, 10 Julai

Safari imesogezwa hadi Jumapili. Harusi ni Jumamosi!

Nimepiga simu ya kampuni mpaka sikio likapata joto. Unapigiwa muziki. Muziki wenyewe mzuri, sikatai. Nauli ya basi hatuna, ipo kwenye suti, na muuza suti hataki kuirudisha kwa sababu nilishaijaribu mbele ya watu wengi mno.

Nikapata wazo la kiutu uzima: Naeku arudi Malambo, harusi isogezwe wiki moja. Nikampigia Supeet. Kwa bahati alikuwa kilimani kwenye mtandao.

"Mdogo wangu," akasema, "huyo binti hakugeuza hata shingo. Wewe unataka ageuze na miguu?"

Akakata. Naeku alikuwa jikoni, alisikia yote. Bomani hakulia, kwenye lori hakulia, leo kwangu amelia. Hawezi kurudi kwao na hawezi kufika kwa mume, amekwama kwenye kigoda changu. Nimejisikia vibaya sana.

Nailantei aliinuka. Alijifunga kanga, akaenda kwa Sylvesta.

Ijumaa, 11 Julai

Yamenikuta! Sylvesta amekubali kutupeleka, mafuta atadai baadaye, ila ameomba rehani. Nailantei amempa suti yangu. Mke wangu mwenyewe!

Nikiwa nimekaa kwenye Noah, nikakumbuka kuwa tutapita Arusha. Tungeingia uwanja wa ndege, nikawaonyesha Mbayuwayu tiketi, labda wakatuonea haya. Nikarudi ndani kuchukua karatasi za tiketi. Natoka, Noah inaondoka!

Nilikimbia hadi barabara ya lami, napiga kelele. Naeku hakugeuka, hawezi. Shangazi Nalangu akakataza na wengine wasigeuke, eti msafara ni mmoja. Lakini Sylvesta ana kioo cha pembeni. Aliniona. Najua aliniona.

Nimempigia Nailantei. Amesema gari la bibi harusi halirudi nyuma, na isitoshe mimi nina tiketi.

Jumapili, 13 Julai

Picha zimefika. Naeku anacheka, Wilson mumewe anacheka zaidi. Nimefurahi, kweli nimefurahi. Kisha nikaona picha ya mtoa hotuba. Sylvesta! Ndani ya suti yangu ya bluu, inamkaa kuliko inavyonikaa mimi. Nailantei anasema ukumbi mzima ulifuta machozi, na kwamba watabaki huko mpaka wiki ijayo.

Safari ya leo imefutwa. Nimepewa vocha nne. Nne!

Jumatano, 16 Julai

Redioni wamesema Mbayuwayu Air imefunga milango. Nikaizima redio kwa heshima.

Mchana ujumbe umeingia, namba ile ile: karibu Kozi Air, shirika jipya kabisa, promosheni ya uzinduzi, Arusha hadi Dar. Vocha za Mbayuwayu zinapokelewa ukiongezea kidogo. Ndege yenyewe iko njiani, wanasema. Basi na mimi nikawaza. Hotuba yangu haijasomwa bado, na Naeku ana haki ya kuisikia. Mbuzi wa Nailantei nimempatia mnunuzi mzuri.

Kidole kilisita juu ya simu. Nikamkumbuka Naeku akitoka bomani, shingo imenyooka. Ukoo wetu hauangalii nyuma.

Nimelipa.