Upande wa Nyuma Usichorwe

Umma ulitangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu hakuna mwananchi atakayehangaika tena kutafuta mahali pa kujifunzia viwango vya kuprogramu picha za pande tatu za kompyuta. Idara ya Maelekezo imeundwa. Ina mkurugenzi, ina naibu, ina mapazia. Kilichobaki ni kitu kidogo tu: kupajua mahali penyewe.

Mkurugenzi hakulaza damu. Aliunda kamati ya kupatafuta, kisha kamati ya kuitafuta ile kamati, maana ya kwanza ilikwenda semina na haikurudi. Mwananchi aliyefika dirisha la kwanza alielekezwa la pili, la pili likamrudisha la kwanza, naye akahesabiwa kuwa ameelekezwa mara mbili. Kwa hesabu hiyo Idara ilikuwa inafanya vizuri mno.

Balaa lilianzia nyumbani kwa Mkurugenzi, mezani, pale binti yake kitindamimba alipoweka kijiko chini.

"Baba, hivi hivyo viwango vinafundishwa wapi?"

"Njoo ofisini saa za kazi. Uje na kitambulisho."

"Lakini si uko hapa?"

"Hapa nina njaa. Majibu yako ofisini."

Binti akaenda kweli. Alizungushwa madirishani mpaka miguu ikawaka moto, akarudi amenuna, halafu akafungua kompyuta yake. Viwango vilikuwa mtandaoni, wazi, bure, na mifano juu. Miezi ikapita hatoki chumbani. Baba mtu akadhani amepata mchumba.

Ndipo ikaja habari kwamba Mheshimiwa Waziri anakuja kuikagua Idara, na asiporidhika ataivunja. Mkurugenzi akamwita Naibu wake. Naibu akashauri jengo lao lichorwe kwa pande tatu, lionyeshwe kwenye skrini ya ukumbini. Mtu wa kulichora alipatikana upesi, kwani alikuwa anakula na kulala kwa Mkurugenzi.

"Nyuma nianze na nini?" binti aliuliza.

Nyuma kulikuwa na choo kibovu, rundo la viti vilivyovunjika miguu, na ofisi ya Mkurugenzi mwenyewe, aliyoichagua kwa utulivu wake baada ya chakula cha mchana.

"Kwani nyuma ni lazima?"

"Kompyuta yenyewe huuruka upande ambao mtazamaji hauoni. Inapunguza kazi. Lakini baba..."

Baba hakungoja hiyo "lakini". Alikuwa amesikia sera ya maisha yake. Kufikia jioni waraka ulikuwa umebandikwa kila mlango: KISICHOONEKANA KISICHORWE, KISIFAGIWE, WALA KISIHESABIWE.

"Baba, inauruka kwa wakati ule tu. Mtu akilizungusha jengo, atakuta patupu."

"Nani azungushe? Mheshimiwa hazungushi kitu, mwanangu. Mheshimiwa huzungukwa."

Siku ikafika. Waziri, mama mwenye sauti nzito na mkono mwepesi, aliusoma waraka mlangoni, akaafiki kwa kichwa. Skrini ikawaka. Jengo likang'aa, madirisha yote mawili yakimeta. Ukumbi ukapiga makofi.

"Hebu nipe hicho kipanya," Waziri alisema.

Akalisukuma jengo kidogo. Akapendezwa. Akaligeuza huku na huku kama mtu anayekagua nyanya sokoni, mpaka nyuma ikaja mbele. Ukuta hakuna. Choo hakuna. Makofi yakakatika.

"Mkurugenzi, ofisi yako iko upande gani?"

"Nyu... nyuma, Mheshimiwa."

"Siioni."

"Ipo, Mheshimiwa! Naapa ipo!"

"Unataka nivunje waraka wako mwenyewe? Kisichoonekana kisihesabiwe. Umeandika vizuri sana, hongera." Akamgeukia binti. "Na wewe mwanangu, haya uliyajulia wapi?"

Binti akamweleza kwa pumzi moja: mtandaoni, wazi, bure. Waziri akatamka kwamba jibu hilo ndilo Idara nzima, akaamuru binti apewe meza ya mbele, mahali panapoonekana. Mkurugenzi alishukuriwa kwa utumishi ambao haukuonekana.

Jioni ile mzee alikaa mezani akikichezea chakula. Alikuwa na uchungu, tena mwingi. Lakini alikuwa pia anaona fahari juu ya mtoto wake, na hiyo ndiyo iliyomsumbua zaidi. Akakohoa.

"Mwanangu. Hivi hivyo viwango... vinafundishwa wapi?"

Binti akamsogezea maji ya kunywa, taratibu, kwa heshima zote.

"Njoo ofisini saa za kazi, baba. Usisahau kitambulisho."