Mwanamuke wa Sauti Nyembamba

Leo nimejitia haya mimi mwenyewe. Mbele ya Padri, mbele ya ndugu yangu, mbele ya watu waliotoka shambani na majembe yao. Ninawaandikia leo leo, wamama wenzangu wa Walikale, kabla habari haijawafikia kwa mudomo ya wachuuzi wa chumvi. Hao wataongeza. Mimi siongezi kitu.

Munajua niko hapa Masisi tangu binti yangu Furaha alizaa. Ninalala jikoni, nyuma ya nyumba yao, kwa sababu mama mukwe haingii nyumba anamolala mukwe wake. Haingii, hamuangalii usoni, hatamki jina lake. Tukikutana njiani, mimi naingia katika majani, yeye anageuka anaangalia mulima. Heshima njo ile. Tangu siku ya ndoa sijaona uso wake. (Miguu yake naijua vizuri.)

Sasa huyu mukwe ni mwalimu, na nyinyi munamujua kuliko mimi, alifundisha kwenu mbele ya kuoa. Mimi sikumuamini tangu mwanzo. Mwanaume anarudi kutoka masomo, hashiki jembe, habebi mutoto, anajifungia na makaratasi. Nikamuuliza Furaha. Akasema bwana yake anaandika kitabu. Nikamuuliza kitabu gani tena, katekisimu si iko? Kitabu ya nyimbo si iko? Akasema hapana, ni hadisi ndefu ya watu ambao hawakuwako, na Padri akiikubali ataituma Bukavu kwenye mashini ya kuchapa, watu wa kila mahali wataisoma.

Watu ambao hawakuwako. (Mimi nimeongopewa mara mingi katika maisha, lakini kila mwongo alikuwa anasema kwa mudomo, hakuwa anamaliza wino.)

Tena siku moja nilimusikia anamuuliza bibi yake: mwanamuke akitaka kutoroka bwana, anabeba nini kwanza? Na Furaha, mutoto wangu asiye na wasiwasi, anafikiri kidogo, anamujibu: kikwembe ya mupya na sufuria. Nilikuwa napepeta maharagi. Niliweka lungo chini.

Basi, leo. Ni posho, kesho yake ni siku ya misa, shule imefungwa. Mvua ilipokatika Furaha akamubeba mutoto akaenda naye disipanseri. Mimi niko jikoni, nasonga bugali. Mukwe iko ndani ya nyumba, mulango imefungwa. Nikasikia sauti yake nzito: amechoka na nyumba hii, amechoka kuamuka kila siku na kuona moshi tu. Halafu ikamujibu sauti nyembamba, ya mwanamuke.

"Kama unanipenda, uache bibi yako. Unamuogopa nani?"

Yeye akasema anamuogopa mama mukwe.

"Ule muzee? Anatega masikio siku nzima, na hajui kitu."

Wamama, mwiko ilisimama katika sufuria yenyewe.

Ningeingia pale pale. Lakini mama mukwe haingii. Nikasimama nje kama mbuzi yenye kufungwa, naangalia ule mulango. Furaha na mutoto wa maziwa, na huyu anawapigia hesabu ya kuwaacha! Nikasema, siwezi kuingia, lakini kuna mwenye anaweza. Nikashuka mbio kwenye shamba la ndugu yangu mukubwa, Papa Bahati, anayelima hapa hapa Masisi. Yeye njo alipokea ng'ombe za Furaha. Ndoa ile, yeye tu anaweza kuivunja.

Nilimukuta anapanda viazi na bibi yake na majirani. Nikamueleza kwa sauti ya chini. (Wanasema walinisikia mpaka ngambo ya muto. Wanaongeza.) Papa Bahati akaegemea jembe.

"Umemuona kwa macho?"

"Nimemusikia."

"Dada, wewe ulisikia hata ndoa ya mwalimu wa kanisa, na mutu alikuwa ananunua mbuzi tu."

Nikamuambia kama hataki kuja, nitarudisha zile ng'ombe mimi mwenyewe, na kamba nitazivuta njia ya kupita mbele ya mulango wake. Akaokota kofia. Bibi yake akaokota yake pia. Majirani wakasema wanatusindikiza kidogo tu, na majembe hawakuyaacha.

Tunafika. Mulango ingali imefungwa. Na pembeni ya mulango, imeegemea ukuta, kuna mwamvuli. Mweusi, mukono yake ya chuma yenye kung'aa. Katika nyumba ile hakuna mwamvuli, wakati wa mvua tunajifunika majani ya ndizi kama watu wote. Nikamuonyesha Papa Bahati. Nikasema: unaona? Huyu si mwanamuke wa bure. Huyu iko na mushahara.

Papa Bahati akaweka kidole kwenye mudomo, tukasogea wote karibu na ukuta. Bibi yake alikuwa anapumua kwenye shingo yangu. Ndani, sauti nyembamba ikatoka tena, sasa kwa haraka, inalia karibu.

"Leo leo tutoroke. Mutoto umuachie bibi yako. Mimi nimekwisha kufunga kikwembe ya mupya na sufuria."

Kikwembe ya mupya na sufuria! Maneno ya mutoto wangu mwenyewe, amemuchukulia na kumupa ule mwingine! Papa Bahati akanigeukia, uso imekuwa nzito. Akasema: "Kweli, iko mwanamuke." Mama mumoja nyuma akaanza kulia. Mwingine akasema yeye alijua tangu zamani. (Hakujua kitu.)

Hapo, wamama, desturi ilinitoka kichwani. Sikumungojea Papa Bahati. Nilisukuma ule mulango kwa bega, nikaingia na mwiko ya bugali mukononi, maana kutoka jikoni mpaka shambani mpaka hapa sikuwa nimeiweka chini, na bugali ingali inashika kwenye mwiko.

Mwanamuke hakukuwa.

Kulikuwa Padri wa misioni, ule mwenye ndevu, njo mwenye mwamvuli, amekaa kwenye kiti kizuri na kikombe ya chai. Kulikuwa Furaha kwenye mukeka, amerudi kwa njia ya juu, ananyonyesha. Na katikati ya nyumba kulikuwa mukwe wangu, amesimama na makaratasi, kitambaa ya Furaha amefunga kichwani sawa mwanamuke anayekwenda sokoni, mudomo ingali wazi, sauti ile nyembamba ingali haijamaliza kutoka.

Nikamuangalia usoni. Akaniangalia usoni. (Iko na alama ndogo kwenye nyusi. Sikujua. Sikupaswa kujua.)

Halafu kila mutu akakumbuka. Yeye akageukia ukuta. Mimi nikavuta kikwembe, nikafunika kichwa yote, nikatafuta mulango. Lakini mutu mwenye kufunikwa kichwa haoni mulango. Nikaingia katika meza. Kikombe ya Padri nikaisikia inaanguka. Nikageuka, nikagonga muti wa katikati ya nyumba, muti ikanirudisha kwenye Padri. Mwiko ikabaki kwenye ndevu. Kwa mulango majirani walikuwa wamesimama na majembe, hakuna aliyenishika mukono, walikuwa wanashikana wenyewe wasianguke kwa kucheka.

Furaha njo alinitoa nje, na mutoto kwenye ziwa. Akaniambia polepole, kama mutu anayefundisha mutoto, kwamba leo ilikuwa siku ya Padri kuja kusikiliza kitabu. Bwana yake alikuwa anajizoesha tangu asubuhi. Kama Padri anakataa leo, ile kazi yote ya misimu yote inaingia katika moto. "Na sasa, mama," akasema, "tunangojea jibu ya Padri mwenye bugali katika ndevu."

Nikakaa chini, hapo hapo kwenye matope. Mimi niliyesema nalinda nyumba ya mutoto wangu.

Nikasikia Padri anajifuta, anajifuta tena. Halafu akamuambia mukwe wangu maneno ambayo watu wote wa nje walisikia, na mimi chini ya kikwembe nilisikia pia:

"Mwalimu, mimi nilikuja kukuambia kwamba huyu mwanamuke wako wa hadisi hakuna mutu atamusadiki. Anasema mambo mengi kupita kiasi. Nilitaka umutoe. Sasa naona nusu ya kilima imekuja na majembe kumufukuza."

Akacheka. Padri akicheka, manjanja, yale mabati ya juu ya nyumba, yanacheza. Akasema mwanamuke abaki. Akasema kitabu kinakwenda Bukavu. Lakini kuna kazi bado: mwisho ni muzito kama hotuba, akate yale mashauri yote ya mwisho, na mahali pake aandike kitu chenye uhai. Kwa mufano, akasema, mama mukwe anaingia.

Majirani wakapiga vigelegele. Papa Bahati akatoa hukumu yake juu ya desturi: mimi nitatoa kuku, mukwe atatoa kuku, haya itakwisha, na yeye Papa Bahati atakula yote mbili kwa sababu alipoteza siku ya viazi.

Sasa watu wamekwenda. Niko jikoni, yeye iko ndani, ukuta iko katikati yetu kama inavyopaswa. Kitambo kidogo nilimusikia anakohoa, anakaribia ukuta. Akasema kwa heshima, kwa sauti ya chini kabisa:

"Mama, samahani. Mukononi ilikuwa mwiko ao jembe? Nataka niandike sawa."

Niliangalia mwiko kando ya sufuria. Halafu nikamujibu: "Mwiko. Na uandike kama mulango ilikuwa wazi. Sikuvunja mulango ya mutu."

"Mulango imevunjika, mama."

"Andika vile nimekuambia."

Anaandika. Naisikia kalamu inakwaruza karatasi, inasimama, inacheka kidogo, inaendelea. Sijui anaweka nini.

Kitabu ikifika kwenu Walikale, wamama, musinunue. Kama munanunua, mukifika mahali mama mukwe anaingia, mufungue ukurasa wa mbele yake, musicheke. Na kitu kingine, iwe kati yetu tu: mutu hawezi kutoa sauti kama ile kichwani bure, lazima aliisikia mahali. Muulizeulize kidogo huko, polepole, kama kuna mwanamuke wa sauti nyembamba aliyekuwa anakaa karibu na shule.