Mayai Manne Mbele ya Baba Mkwe

Leo nimemwambia baba mkwe wangu, mbele ya wageni wake, alitapike yai langu. Ndiyo. Mimi, mke wa mwanawe, nikiwa nimepiga magoti. Nawaandikia ninyi, wenzangu wa bweni tulipokuwa shule, na sijui nilicho nacho ni hasira au ni mshtuko.

Nianze mwanzo. Mnakumbuka nilivyokuwa baada ya kumzaa Masanja: macho meupe, viganja vyeupe, moyo unadunda kwa kutembea tu hadi kisimani. Nesi wa zahanati ya misheni alinifunua kope, akasema nina safura, minyoo inaninyonya damu, na nikishika mimba nyingine na damu hii ya maji, Masanja anaweza kubaki bila mama. Akanipa dawa ya minyoo. Akaniagiza nivae viatu niendapo shamba, nile maini, mchicha na mayai, na mimba isubiri mpaka aniangalie tena aridhike. Mume wangu, aliyeko machimboni Geita na huja nyumbani mwisho wa mwezi, alikubali kusubiri. Viatu alinunua yeye. Maini hayapatikani kila siku. Mayai yapo, tena ya kuku wangu mwenyewe niliotoka nao kwetu.

Kumbe kuyala ndiyo kesi. Hapa nyumbani mayai ni ya wanaume na wageni. Mama mkwe anasema mwanamke akila yai atazaa mtoto mwenye kipara. (Masanja alizaliwa na kipara na sikuwa nimelamba hata ganda. Nilimwambia hivyo. Alininunia mpaka jioni.)

Basi nikawa nayachemsha kwa siri, chini ya viazi, nayafunga kwenye kanga kiunoni, naenda kuyala katikati ya pamba kama mwizi.

Leo nikachemsha manne. Nikayafunga, nikabeba jembe. Mlangoni nikakutana na Mama Kabula, jirani yetu, ambaye habari haijawahi kulala mdomoni mwake. Akanitazama tumbo. Akatabasamu. Na mimi nikatabasamu (mjinga mkubwa), nikampita. Sijafika zizini nikasikia vigelegele nyuma yangu. Mama mkwe huyo, anakuja mbio, yeye ambaye jana magoti yalimkatalia kwenda kuteka maji. Akaninyang'anya jembe. Akasema nisilime na hali yangu hii, na baba lazima asikie sasa hivi.

Ningesema nini? Nikikana mimba, nitaje mayai. Nikavutwa mkono.

Baba mkwe alikuwa uani na wazee wawili waliokuja kwa mambo ya ng'ombe. Na kwa Wasukuma mkwe hasalimii akiwa amesimama. Nikapiga magoti. "Mwangaluka, baba." Nilipoinama, fundo likafunguka.

La kwanza likadondoka. La pili likalifuata. La tatu likagonga jiwe likapasuka. La nne likabingirika, bila haraka yoyote, mpaka kwenye mguu wa baba mkwe likatulia. Vigelegele vikakatika.

Mzee mmoja akageuka kwa mwenzake, akasema kwa upole, "Mkwewe ametaga."

Nilidhani aibu imeishia hapo. Baba mkwe akaliokota lile la mguuni. Akalipuliza vumbi, akalimenya, akalitia mdomoni. Hakunitazama. Akatafuna, akaagiza aletewe chumvi.

Chumvi! Hapo ndipo kitu kilipokatika ndani yangu.

"Baba, litapike," nikasema. "Hilo ni damu yangu. Huyo mjukuu mnayempigia vigelegele hajatungwa, na hatatungwa mpaka mimi niliyeagizwa kula nile."

Mama mkwe akaketi chini, palepale vumbini. Wazee wakakumbuka kuwa jua limepanda, wakaanza kutafuta fimbo zao. Mimi nikayaokota matatu yaliyobaki, likiwamo lile lililopasuka, nikayala yote mbele yao, nikiwa bado nimepiga magoti (heshima ni heshima), bila chumvi.

Kisha nikavaa viatu vyangu nikaenda kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu. Karani wake alishindwa kushika kalamu kwa kucheka, akanipa niandike mwenyewe. Nimeandika hivi, na mwanangwa amepokea bila kucheka, ingawa alifunika mdomo:

"Mimi, mama yake Masanja, nalalamika kwamba leo asubuhi baba mkwe wangu amekula yai langu, nililoagizwa na nesi nile ili nipate damu kabla ya kubeba mimba. Naomba baraza liamue kwamba mwanamke anayeuandaa mwili wake ale mayai ya kuku wake nyumbani kwake, mchana, akiwa ameketi. Naomba pia baba mkwe anirudishie yai langu. Liwe la kuchemsha. Bichi sipokei."