Kipande Nambari Kumi na Saba

Jumatatu, 3 Juni

Mvua tangu alfajiri. Mke wangu bado yuko kwa dada yake. Alisema atarudi siku atakayosikia nimepata kazi ya kweli, na aisikie kwa mtu mwingine, si kwangu. Hilo la mwisho linaniuma.

Leo mwalimu wa kwaya aliingia kwa Bwana Futi, jirani yangu na fundi mwenzangu, mtu anayevaa utepe wa kupimia shingoni hata akienda sokoni. Kwaya nzima inataka majoho mapya. Nilitega sikio ukutani. Futi akafungua kitabu chake cha sampuli, kinene kama mto wa kulalia. Mimi sampuli zangu ni tatu, na moja panya wameshaionja.

Mwalimu alipotoka, nikamvizia mama wa watu barazani. Nikamwambia ninacho kitambaa ambacho mji huu haujakiona. Akasema nimletee kipande kesho akitazame. Nikamjibu hakuna shida. Shida ipo. Kitambaa sina.

Jumanne, 4 Juni

Kabatini limebaki gauni lake la buluu, alilovaa jioni ya harusi yetu. Satini nzito, ukiishika inateleza mkononi. Nguo nyingine zote alibeba. Hili aliliacha, nami kila nikiamka nafungua kabati kuhakikisha lipo. Mtu haachi gauni kama hili mahali asipotaka kurudi.

Nimekata kipande. Kidogo tu, kama kiganja, ndani ya rinda la nyuma, mahali pasipoonekana. Kingo nikazipitisha mkasi wa meno zisichomoke nyuzi, nikakigundisha kwenye kadi na kuandika Na. 17, ajue kuna kumi na sita vingine. Akili ni mali!

Mwalimu alikipapasa, akakiweka shavuni, akafumba macho. Kisha akasema anakipeleka kwenye kamati, akakitia mkobani. Sikupanga kiondoke. Lakini utamnyang'anyaje mteja sampuli?

Alhamisi, 6 Juni

Kamati imekipenda. Sasa kila sauti inataka kipande chake: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Nimekata vinne. Rinda limekwisha, nimepanda kidogo kuelekea mgongoni. Ukilitundika gauni likiupa ukuta mgongo, huoni kitu.

Baada ya kuvigawa nikapeleka kipande kilichobaki kwa muuza vitambaa wa jumla, anitafutie cha kufanana nacho. Mzee akakivuta, akakinusa, akachomoa uzi mmoja na kuuchoma kwa kiberiti. Akasema kiwanda kilichofuma hiki kilifungwa zamani, na kama nimekipata mahali nimkumbuke na yeye. Akaniuliza jora langu liko wapi. Nikasema kwa sasa nina sampuli.

Akanitazama kwa huruma. Akasema sampuli ni mtoto wa jora. Unaikata kwenye mzigo ulio nao, ili mnunuzi aujue mzigo wote bila kuukunjua. Kipande kisicho na mzigo nyuma yake, akasema, ni cha kufutia miwani.

Wazee wana maneno. Biashara ya siku hizi haijui. Kwanza unaonyesha, mzigo utajijua wenyewe.

Ijumaa, 7 Juni

Mwalimu anataka kuona joho moja zima Jumapili. Nimenunua marekani nyeupe na rangi ya unga, nikakoroga kwenye beseni la kufulia. Kitambaa kikiwa kibichi kilikuwa buluu ile ile, nikaimba. Kilipokauka kikawa rangi ya goti lililovilia damu. Nilisahau chumvi ya kushikisha rangi. Rangi imekolea vizuri sehemu mbili tu: kwenye beseni na kwenye mikono yangu, hadi viwiko. Nimesugua kwa jivu, kwa ndimu, kwa sabuni ya mche. Wapi.

Jumamosi, 8 Juni

Amekuja.

Alikuja na begi. Hakuliacha mlangoni, alilipeleka hadi chumbani. Nikaficha mikono mgongoni, nikasimama kama mwanafunzi aliyechelewa.

Dada yake huimba sauti ya pili. Ndiye aliyempa habari kwamba kwaya imenichagua mimi, na akamwonyesha kile kipande. Mke wangu alikuwa nacho mkononi. Akasema alipokiona alikaa kitandani akalia, kwa sababu kinafanana mno na gauni lake la harusi. Akasema alinihukumu vibaya. Kumbe mume wake amezunguka maduka yote akiikumbuka siku ile, hadi akakipata.

Hapo ningesema. Nafasi ilikuwepo. Nikasema ndiyo, nilizunguka sana.

Akatabasamu. Akasema atalivaa gauni kesho kanisani, akae karibu na kwaya, tufanane. Nikamwambia kabati limekwama. Akalifungua kwa kidole kimoja.

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Aliligeuza gauni, akaweka kile kipande juu ya tundu lake, akakilainisha kwa kiganja, kikaenea sawasawa. Kisha akatazama mikono yangu ya buluu. Akasema sasa ameelewa. Wakati wa uchumba nilikuwa mwema, nasema kweli, nafika kwa saa. Akadhani ile ni sampuli, mzigo wote uko hivyo. Amengoja mzigo miaka yote hii, kumbe haukuwahi kuwepo.

Akachukua begi. Gauni akaliacha kitandani. Nilimwita, hakugeuka. Nimeketi hapa, nyumba imekuwa kubwa na nina huzuni.

Jumapili, 9 Juni

Mwalimu alilishika joho langu kwa vidole viwili. Lilimwachia rangi. Kazi imekwenda kwa Futi, ambaye ameshapata jora la buluu inayokaribia ile, na ninaambiwa alilitafuta kwa kutumia kipande changu. Mwizi!

Jioni akabisha hodi. Akasema majoho ni mengi, hawezi peke yake, nishone nusu, jina langu litajwe kanisani pamoja na lake. Akasema, akitazama pembeni, kwamba shemeji naye atasikia, na atasikia kwa watu.

Nikamwambia nitafikiri. Nimefikiri. Mimi nishone chini ya mtu anayeenda sokoni na utepe shingoni? Nimekataa.

Jumatatu, 10 Juni

Mvua imekatika. Mlango wa Futi una watu wa kwaya, wanapimwa mabega na kucheka.

Saa nne akaingia kwangu bibi harusi mtarajiwa na shangazi yake. Wameona kipande cha buluu mahali, wanataka nguo za wasimamizi wote. Wakaniuliza kama kitambaa ninacho. Nikasema kipo njiani. Wakaomba sampuli.

Gauni bado liko kitandani alipoliacha. Sijalisogeza. Hakulichukua, maana yake atalirudia, na siku hiyo nataka alikute salama. Kwa hiyo nimekuwa mwangalifu sana na hii Na. 18. Nimekata chini ya kwapa, mahali pasipoonekana.