Lupango ya Pisini ya Baba Mukubwa

Jumatatu, tarehe 4, mwezi wa munane
Baba Mukubwa Ibrahim amechimbisha pisini, bwawa la kuogelea, katika parsele ya nyumba yake. Ziwa iko hapo hapo, ukitema mate yanaanguka ndani. Lakini yeye ni mwenye maboti, anasema hawezi kuoga maji moja na abiria wake. Sawa. Mi sibishani na tajiri.

Fundi Roger, aliyetoka Kalemie na vigae vyake, ameweka masharti. Bila lupango, uzio wa kuzunguka maji, hakuna kuoga. Iwe ndefu kupita kifua cha muntu muzima. Pasiwe na tundu la kupitisha kichwa cha mutoto, wala kitu cha kukanyagia karibu. Mlango ujifunge wenyewe, komeo likae juu. Mama Mukubwa Kulthumu akaongeza lake: siku mujukuu wake Munira atapita lupango hiyo, pisini itajazwa udongo na kupandwa muhogo. Munira ana miaka miwili. Juzi tulimkuta juu ya mgongo wa mbuzi, anaenda soko.

Atakayejenga vizuri ndiye mlinzi wa pisini. Kiti, kivuli, filimbi. Filimbi ile ni yangu! Anatole, fundi wa matofali, naye anaitaka. Akasema ataweka ukuta. Nikamuuliza kama tunafunga maji ao wafungwa. Watu wakacheka. Kazi nikapewa mi Idi, kwa matete.

Jumanne, tarehe 5
Nimekata matete asubuhi nzima. Matete yamenikata zaidi.

Halafu akili ikaja. Bamama wa nyuma yetu wamevuna mihogo, wanataka kuiloweka. Kule kwenye kijito mbuzi wanakula na batoto wanachezea. Nikamwambia mukubwa wao, Mama Anastasie: nyie musuke lupango yangu, mi nitawapa maji yasiyojulikana na mbuzi. Akauliza kama Baba Mukubwa anajua. Nikajibu kwamba Baba Mukubwa ananisikia sana. Si uongo. Akisikia sauti yangu anafunga dirisha.

Jumatano, tarehe 6
Lupango imesimama! Bamama wamesuka kama mukeka. Mi nilisimamia, kazi ngumu. Mlango unajifunga wenyewe kwa mupira wa gurudumu la pikipiki.

Roger amejaza maji aone kama pisini inavuja. Kisha yeye na Baba Mukubwa wamepanda boti kwenda Uvira kutafuta pompi ya kuvuta maji. Watarudi Jumapili na wageni. Mpaka Roger akague lupango, muntu asioge. Asioge, alisema. Kuloweka hakukutaja.

Alhamisi, tarehe 7
Munira amekuja kukagua. Alisukuma. Akapiga teke. Akaleta beseni apande, nikaliondoa. Akatafuta tundu, kichwa kikakataa. Akaniita mbuzi, akaenda zake. Hata Roger hawezi kupima hivyo.

Jioni mihogo ikaingia, beseni nyuma ya beseni. Pisini ikawa nyeupe chini kama yenye meno.

Ijumaa, tarehe 8
Harufu. Mama Mukubwa ameuliza nini kinaoza. Nikasema ni dawa ya maji, ya kutoka nje. Akasema huko nje kuna taabu.

Anatole alichungulia juu ya matete, akaona mapovu. Nikamuelezea kwa upole: kwa matajiri wakubwa maji yanajichemkia yenyewe, unalala ndani, mgongo unapona. Alirudi ameinamisha kichwa. Muntu wa matofali atajulia wapi?

Jumapili, tarehe 10
Mihogo ilipaswa kutoka kabla ya boti kufika. Bamama wakalalamika: ukiwa na beseni kichwani, ule mlango unakupiga mgongo. Haki yao. Nikaufunga na kamba ukae wazi, kidogo tu. Nikaenda ufukweni kutazama boti.

Wakafika. Roger akapima lupango, akasifu. Akaitikisa, haikutikisika. Nikakohoa ili Anatole asikie. Tukazunguka kona.

Mlango wazi. Ndani, Mama Anastasie amesimama, maji kiunoni, amekamata gauni ya Munira kwa nyuma. Munira ananing'inia juu ya maji, anatafuna muhogo.

Nikakaa chini bila kukaribishwa. Mama Anastasie akasema mutoto aliingia kama mwenye nyumba, hakusalimia mtu, akaenda moja kwa moja kwenye maji. Mkono wake ulimfikia kwa bahati. Mama Mukubwa akamchukua, akamukumbatia. Halafu akanigeukia, akauliza pole pole: mupira ule ulikukosea nini, Idi?

Wageni walikuwa wameshika pua.

Jumatano, tarehe 13
Tangu Jumatatu nasomba udongo. Mama Mukubwa ametimiza neno lake. Pisini imejaa, miti ya muhogo imechomekwa, shamba amepewa Mama Anastasie. Anatole amekuwa mlinzi. Kiti, kivuli, filimbi. Anawapulizia mbuzi.

Lakini wote wanakubali kwamba lupango ni nzuri. Mbuzi wanaizunguka mpaka wanakata tamaa. Sifa kama hiyo haifichiki.

Nasikia kuna tajiri wa Nundu anachimba pisini. Nimemutumia habari kwamba fundi wa lupango ni mi. Mama Anastasie bado ana mihogo, nimemwambia bamama watayarishe mabeseni. Na safari hii nina akili. Mupira wa mlango siweki kabisa. Unachosha bamama.